Glasi ya Dada Ndiyo Iliyokuwa na Povu

Glasi zilikuwa mbili mezani, na ya dada ndiyo iliyokuwa na povu.

Yangu ilikuwa na Espresso Martini, kokteli ya vodka na kahawa, na nilikuwa nimeihangaikia miezi mitatu. Nilishabadilisha vodka, nilishabadilisha chombo cha kutikisia, nilishanunua hata glasi zenye mdomo mpana na mguu mwembamba. Bado kila nilipomimina, juu ya kinywaji palikaa utando mwembamba wa rangi ya chai ya maziwa, na kabla sijakaa vizuri kitini ulikuwa umeshapasuka katikati, umeacha kisima cheusi. Jioni ile dada alikuja kunitembelea. Yeye hanywi pombe, hajawahi. Nikamuuliza, "Dada, na wewe nikutengenezee?"

"Nitengenezee," akasema, "ila hiyo chupa yako iache hapohapo ilipo."

Basi nikamtikisia kahawa, shira ya sukari na barafu, hakuna cha zaidi. Nilipomimina nikabaki nimesimama, chujio mkononi. Povu lilipanda mpaka karibu na ukingo, unene wa kidole gumba, rangi ya mchanga mkavu, laini kiasi kwamba jicho halikuona tundu hata moja. Dada akanywa, akaniangalia akiwa na mstari wa povu juu ya mdomo.

"Hili ndilo linalokusumbua miezi yote hii, mdogo wangu?"

Aliuliza kwa dhati, kwa sababu alikuwa akinisikia kwenye simu nikilalamika. Nami sikuwa na jibu. Kahawa ilikuwa ile ile, imetoka birika moja. Barafu ile ile, mkono ule ule. Kilichozidi kwenye glasi yangu kilikuwa pombe tu, ile niliyokuwa nimeitumia pesa na mawazo yote.

Kila anayetaka kutengeneza kokteli hii nyumbani huanza kwa kuuliza anunue vodka gani, na mimi nilianza hapohapo. Sasa nasema bila kusitasita: povu ni kazi ya kahawa. Kwa upande wa povu, pombe ni mgeni anayekuja kula alichopika mwenzake, na ukimkaribisha bila kipimo hakuachii kitu.

Jina hilo la Espresso Martini lisikupoteze. Martini ya asili ni pombe ya jini (gin) na vermouth, divai iliyotiwa mitishamba, na humu hakuna hata kimoja cha hivyo. Kuna vodka, pombe tamu ya kahawa, shira kidogo na espreso, ile kahawa nzito inayosukumwa na mashine kwa mgandamizo. Aliyekibuni ni Dick Bradsell, mchanganyaji vinywaji wa London, miaka ya 1980, alipokuwa akifanya kazi kwenye mgahawa wa Soho Brasserie. Mwenyewe alisimulia kwamba mwanamitindo mmoja kijana alifika kaunta akaomba kinywaji cha kumwamsha kisha kimwangushe, ingawa maneno aliyotumia yalikuwa makali kuliko haya yangu. Mashine ya kahawa ilikuwa palepale alipokuwa akichanganyia, unga wa kahawa umetapakaa kila mahali, na vodka ndiyo iliyokuwa ikiombwa na kila mtu wakati ule. Akaviunganisha. Mwanzoni alikiita Vodka Espresso. Jina la martini lilikuja baadaye, miaka ya 1990, enzi ambayo karibu kila kilichomiminwa kwenye glasi ya umbo la V kiliitwa martini. Mwaka 1998 alikibadilisha tena kwa ajili ya mgahawa wa Pharmacy huko Notting Hill, akakiita Pharmaceutical Stimulant, kikinywewa juu ya barafu. Bradsell alifariki mwaka 2016, na kufikia wakati huo kinywaji chake kilikuwa kinatengenezwa karibu kila kaunta yenye mashine ya kahawa.

Ninachokipenda katika kisa hiki ni kile ambacho Bradsell hakukiweka. Hakuweka ute wa yai. Hakuweka krimu wala unga wowote wa kutoa povu. Povu lilikuja lenyewe, kwa sababu espreso ilikuwa imetoka mashineni dakika ile ile na ikatikiswa kwa nguvu. Mimi majaribio yangu mengi ya mwanzo, kabla ya jioni ile, niliyafanya kwa kahawa yangu ya asubuhi, ile ya kuchuja kwa karatasi, imepoa kwenye friji. Ni kahawa nzuri sana ya kunywa. Kwa kazi hii ilikuwa maji.

Nasema maji kwa sababu nimekwenda kuangalia hesabu. Katika kikombe cha kahawa ya kuchuja, kahawa halisi iliyoyeyuka ni kama gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila gramu 100. Katika espreso ni gramu 8 hadi 12. Hiyo ni mara sita, saba, wakati mwingine zaidi. Na povu halisimami ila kwa hicho kilichoyeyuka.

Chukua chupa ya maji matupu uitikise uone. Vijipovu vinatokea na kufa kabla hujaiweka chini. Kijipovu ni chumba kidogo cha hewa chenye kuta za maji, na ukuta wa maji peke yake hausimami. Unahitaji kitu cha kuushika. Kwenye kahawa, washikaji wa ukuta ni protini, ni sukari zile ndefu zinazotoka kwenye mwili wa mbegu yenyewe, na ni vile vitu vya rangi ya kahawia vinavyozaliwa mbegu inapokaangwa, ambavyo wanakemia huviita melanoidini. Kahawa nyepesi ina washikaji wachache. Hata ukiitikisa mpaka bega liume, utapata povu la sabuni duni: kubwa, lenye matundu, la dakika moja.

Halafu kuna maadui wawili. Wa kwanza ni mafuta. Mbegu iliyokaangwa sana mpaka ikawa nyeusi na kung'aa ina mafuta yaliyotoka nje, na mafuta huingia katikati ya ukuta wa kijipovu na kuupasua. Mimi nilikuwa nikichagua mbegu nyeusi kuliko zote nikidhani nguvu ya ladha na nguvu ya povu ni kitu kimoja. Sivyo. Mbegu za ukaangaji wa wastani, rangi ya mbao ya mninga, zisizong'aa, zimenipa povu bora kila mara, na ladha yake haipotei ndani ya kinywaji kama nilivyoogopa.

Adui wa pili ndiye aliyekuwa kwenye glasi yangu jioni ile. Pombe kali huzilegeza kuta na kuwasukuma washikaji pembeni. Kidogo, povu linavumilia. Ukizidisha, linakufa. Kwa kanuni ya Chama cha Kimataifa cha Wachanganyaji Vinywaji, kinachofahamika kwa kifupi cha IBA, kinywaji hiki kina mililita 50 za vodka, 30 za Kahlúa, ambayo ndiyo pombe tamu ya kahawa, 10 za shira na espreso moja kali. Espreso moja ni kama mililita 30. Piga hesabu: kahawa ni robo ya mchanganyiko, na barafu bado haijayeyuka ndani. Kwa mtu mwenye mashine nzuri, espreso ya sekunde ile ina nguvu ya kubeba mzigo huo. Kwa mtu wa birika la jikoni kama mimi, mzigo ni mkubwa mno.

Kwa hiyo nimepunguza pombe na kuongeza kahawa. Natumia vodka mililita 40, pombe tamu ya kahawa 20, shira 10, na kahawa kali 40. Wapo watakaosema nimeharibu kinywaji. Nimewatengenezea watu wazima wenye uzoefu wa kaunta, na hakuna aliyelalamika kwamba vodka ni kidogo. Vodka haina ladha ya kuikosa. Wameuliza nimefanyaje povu.

Sasa kahawa yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi yote ilipo.

Ukiwa na mashine ya espreso, huna shida. Gramu 18 za unga mwembamba, maji ya nyuzi 90 hadi 96, mgandamizo wa mara 9 ya ule wa hewa inayotuzunguka, sekunde 25 hadi 30, unapata kama gramu 36 za kahawa nzito yenye utando wa dhahabu juu. Utando ule, krema, ulikuja na Achille Gaggia wa Milan, ambaye katika miaka ya 1940 alileta mashine ya kusukuma maji kwa mkono wa chuma badala ya mvuke. Kabla yake espreso haikuwa na kitu cha namna ile juu yake, na kwenye mashine zake akaandika kwamba ni krema ya asili ya kahawa, maana mteja angeweza kudhani ni uchafu. Krema ni povu tayari. Ukiitikisa unaliongezea tu hewa.

Mimi sina mashine. Nina birika la moka, lile la pembe nane ambalo Alfonso Bialetti alilitoa mwaka 1933, na ninalipenda kuliko vyombo vyote vya jikoni kwangu. Mgandamizo wake ni mdogo sana ukilinganisha na wa mashine, kwa hiyo kahawa yake si espreso hata kama watu huiita hivyo. Lakini ni kali, na ukiijua inatosha. Kwenye tangi la chini natia maji yaliyokwisha kuchemka, si ya baridi, ili unga usikae ukiungua juu ya moto wakati maji yanatafuta joto. Kikapu nakijaza mpaka juu bila kukishindilia. Moto mdogo. Kahawa inaanza kutoka polepole, nyeusi na nzito kama asali, na hiyo ya kwanza ndiyo ninayoitaka. Ikianza kubadilika rangi kuwa ya majani makavu na kutoa sauti ya kukoroma, naitoa motoni mara moja na kulipoza birika chini ya bomba. Hiyo ya mwisho ni nyepesi na chungu. Ikiingia kwenye kokteli inaleta maji na uchungu kwa pamoja.

Na kama huna birika wala mashine, usikate tamaa, na wala usidharau kahawa ya unga ya kuyeyusha. Nilikuwa naidharau sana. Lakini kahawa ile imekaushwa ikabaki karibu haina mafuta, na tumeona mafuta hufanya nini. Wagiriki wamelijua hili tangu mwaka 1957, pale Dimitris Vakondios alipokuwa kwenye maonyesho ya biashara ya Thessaloniki akataka kahawa yake na asipate maji ya moto. Akatia unga, maji baridi na barafu kwenye chombo cha kutikisia, akatikisa, na hivyo ikazaliwa frape, kinywaji chenye povu gumu linalokaa muda mrefu. Vijiko viwili vya chai vya unga huo kwenye mililita 40 za maji ya moto vinakupa povu ambalo wakati mwingine linaishinda kahawa ya birika. Ladha haina kina kile, nakubali. Lakini usiku wa wageni wa ghafla, nimeitumia bila aibu yoyote.

Jambo la mwisho kuhusu kahawa ni umri wake, na hili hakuna aliyeniambia. Mbegu ikikaangwa hujaa hewa ya kaboni dioksaidi, na hewa hiyo hutoka kidogo kidogo kwa siku na wiki. Ikisagwa, hutoka kwa dakika. Kahawa iliyosagwa mwezi uliopita imekufa, hata kama inanukia vizuri ukifungua pakiti. Kuna njia rahisi ya kujua. Weka kijiko cha unga kwenye kikombe, mimina maji ya moto kidogo ya kuulowanisha tu, kisha usubiri. Kahawa hai huvimba kama unga wa mkate, inapanda, inapasuka juu na kutoa vijipovu, kama kitu kinachopumua. Kahawa iliyokufa inalowa na kukaa pale kama matope. Siku nilipofanya jaribio hilo kwa pakiti yangu ya kawaida, nilisimama jikoni nikitazama matope hayo kwa huzuni ya kweli, nikifikiria vikombe vyote nilivyokunywa kutoka humo. Siku hizi nanunua mbegu nzima, nasaga zile ninazohitaji muda huo huo, na nazipenda zaidi zikiwa na wiki moja hadi mbili tangu zikaangwe. Zikiwa bichi sana, za jana au juzi, hewa ni nyingi mno na povu linakuwa na matundu makubwa.

Kuhusu pombe tamu ya kahawa sina mengi. Kahlúa, ya Mexico, inayotengenezwa kwa ramu na kahawa tangu mwaka 1936, ndiyo inayojulikana zaidi. Ziko nyingine zenye sukari kidogo na kahawa zaidi. Onja uliyo nayo, kisha upunguze au kuongeza shira. Shira yenyewe ni sukari na maji kwa vipimo sawa, vikichemka mpaka sukari iyeyuke. Usiiache kabisa hata kama hupendi utamu, kwa sababu sukari hufanya kimiminika kiwe kizito, na kimiminika kizito kinachelewa kutiririka kutoka kwenye kuta za vijipovu. Chembe ya chumvi pia, kiasi kinachobaki kati ya ncha za vidole viwili, hupunguza uchungu wa kahawa bila kuonekana kama chumvi.

Kabla ya kutikisa lazima niseme habari ya mtungi wa kioo. Mwanzoni sikuwa na chombo cha chuma, na mtu mmoja alinishauri nitumie mtungi wa jamu wenye kifuniko, kwamba ni kitu kile kile. Nikatia kahawa iliyotoka motoni, nikatia barafu juu yake, nikafunga. Nilisikia mlio mmoja mkavu, kama kijiti kinachokatika. Mstari ulipita kuanzia kitako mpaka shingoni, na kabla sijauweka chini mtungi uligawanyika mkononi. Kahawa ilinimwagikia kifuani na kwenye kiganja, na kwenye kiganja hicho nina alama ndogo mpaka leo, chini ya kidole cha kati. Kioo cha kawaida hakivumilii moto na barafu kwa pamoja. Tafadhali tumia chuma. Na hata kwenye chuma, kahawa ya moto sana hupasha hewa iliyofungwa ndani na kukisukuma kifuniko, kwa hiyo kishike kwa mikono miwili, juu na chini, tangu mtikiso wa kwanza.

Kilichonisaidia zaidi ni kuiweka vodka kwenye jokofu la kugandishia. Haigandi, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri vodka ya kawaida inabaki kimiminika, imekuwa nzito kidogo tu. Kwenye chombo naanza na vodka hiyo, pombe ya kahawa na shira, halafu ndipo namimina kahawa ya moto juu yake. Baridi ya vodka inaushika moto wa kahawa, na mchanganyiko unakuwa vuguvugu kabla barafu haijaguswa. Hapo barafu inaingia ikiwa na kazi ndogo, inayeyuka kidogo, na kahawa haizimuliki. Wengine hupoza kahawa kabisa kwanza, wakaiacha nusu saa. Nimejaribu. Ladha ni safi, lakini povu linakuwa chini ya lile la kahawa iliyotoka sasa hivi, na mimi nimeshachagua upande wangu.

Barafu iwe vipande vikubwa, vigumu, vilivyotoka kwenye jokofu dakika ile, vikavu kiasi cha kunata kwenye vidole. Vile vilivyokaa kwenye bakuli vikitoa jasho vina maji tayari juu yake, na maji hayo yote yanakwenda kwenye glasi. Jaza chombo theluthi mbili.

Kisha tikisa, na utikise kweli. Hapa nilikuwa nadanganywa na picha za watu wanaotikisa kwa madaha begani. Kinywaji hiki kinataka mwendo mrefu, kutoka kifuani kwenda mbele na kurudi, barafu igonge kitako, irudi igonge kifuniko. Sekunde 15 kwa uchache. Mimi huenda mpaka 20. Lakini nimeacha kuhesabu, nasikiliza. Mwanzo sauti ni ya mawe ndani ya kopo, kali, inaumiza masikio. Baada ya sekunde kama 8 inaanza kufifia, kama mtu amefunika mawe hayo kwa kitambaa. Hilo ndilo povu linalojaa ndani na kuvilainishia vipande njia. Chuma kinapata ukungu mweupe, kisha ukungu unaganda, na viganja vinaanza kuuma kwa baridi. Mpaka hapo bado. Subiri mpaka sauti iwe nzito kabisa, karibu mnong'ono, ndipo utikise mara tano za mwisho kwa nguvu uliyobakiza.

Usikae. Fungua na umimine mara moja, kwa chujio la chombo chenyewe tu. Kuna wanaosisitiza kupitisha pia kwenye kichujio chembamba cha chai ili vipande vidogo vya barafu visipite. Kinafanya kinywaji kiwe laini, kweli, lakini sehemu ya povu hubaki kwenye kichujio, nami sipendi kuliacha. Glasi iwe imekaa kwenye jokofu. Glasi yenye joto hulivunja povu kuanzia pembeni.

Na sasa, tazama. Hapa ndipo huwa naacha kuzungumza na wageni wangu hata kama nilikuwa katikati ya sentensi. Kinywaji kikiingia kwenye glasi chote ni rangi moja, kama maji ya mto baada ya mvua. Hakuna juu wala chini. Kisha kitakoni panatokea mstari mweusi, mwembamba kama uzi. Unapanda. Chini yake kahawa inajisafisha kuwa nyeusi, na juu yake povu linakaza na kuwa jeupe kidogo, na mpaka kati yao unapanda polepole bila kutikisika mpaka unafika mahali pake na kusimama. Inachukua kama dakika moja. Nimekitazama mara nyingi sana na bado huinama kuwa sawa na glasi ili nikione kwa pembeni.

Mbegu tatu za kahawa huwekwa juu, zikielekeana katikati. Desturi hiyo ni ya Waitaliano na pombe yao tamu iitwayo sambuka, kila mbegu na maana yake: afya, mali na furaha. Kwangu zina kazi nyingine pia. Mbegu ikizama, povu halikuwa povu. Miezi ile mitatu ya kwanza zilizama zote.

Kwa asiyekunywa pombe, kinywaji cha dada kina jina lake, Waitaliano hukiita shakerato, na sikubali kikiitwa mbadala. Kahawa kali mililita 60, shira 15, barafu nyingi, basi. Kitikise vivyo hivyo. Hakina cha kulipiga vita povu lake, na ndiyo maana linasimama kuliko la kokteli yoyote niliyowahi kutengeneza. Ukitaka kujifunza kutikisa, anza na hicho. Ukishindwa kupata povu bila pombe, hutalipata ukiwa nayo, na utakuwa umeokoa chupa nzima.

Kwa wanaokunywa, nina ombi moja. Kafeini haiondoi ulevi. Inaficha usingizi wa ulevi tu, ukajiona mzima kumbe si mzima, ukaongeza glasi ambayo mwili ulishaikataa. Mwaka 2010 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilizionya kampuni nne zilizokuwa zikiuza vinywaji vya kileo vilivyotiwa kafeini, kwa sababu hiyo hiyo. Nyumbani kwangu ni glasi moja, mbili kwa mtu aliyeshiba na atakayelala hapohapo, na funguo za gari nazijua zilipo. Na baada ya saa mbili usiku mimi mwenyewe situmii ila kahawa isiyo na kafeini. Povu lake si baya hata kidogo, mradi mbegu ziwe hai.

Dada alikuja tena mwezi uliopita. Safari hii nilimimina zote mbili mbele yake, yake kwanza kisha yangu, na hatukusema kitu mpaka mistari yote miwili ilipopanda na kusimama. Lake lilikuwa nene zaidi, kama kawaida. Langu lilibeba mbegu zote tatu. Alinyoosha kidole akaisukuma mojawapo taratibu, ikateleza juu ya povu mpaka ukingoni, ikabaki hapo bila kuzama.

"Sasa inywe," akasema, "isije ikayeyuka unaitazama."

Tulipomaliza, glasi zote mbili zilikuwa na pete za povu ndani, moja chini ya nyingine, pete kwa kila funda. Ya dada ilikuwa na pete nne. Yangu niliihesabu mara mbili: saba.